Tovuti Ikizimika, Ufunguo Anao Nani?

Juma hili nimeona tuzungumze juu ya ugomvi mmoja ambao mara nyingi haufiki mahakamani wala hauandikwi magazetini, lakini unawatia hasara wenye biashara ndogo na unawavunjia heshima vijana wengi wanaoanza kujitegemea. Nao ni ugomvi kati ya fundi wa tovuti na mteja wake.

Najua wapo watakaosema kwamba hayo ni mambo ya wasomi wa kompyuta. Si kweli. Siku hizi mwenye nyumba ya wageni Bagamoyo, mwenye shule ya chekechea Mbagala, chama cha kuweka na kukopa, msafirishaji wa watalii Arusha, wote wanatafuta tovuti kama zamani walivyotafuta kibao cha kutundika mlangoni. Na wanaowatengenezea mara nyingi si makampuni makubwa. Ni ofisi za watu watatu, wanne au watano, chumba kimoja juu ya duka la vifaa vya umeme, feni inazunguka na jenereta la jirani linanguruma. Mimi mwenyewe nafanya kazi katika ofisi ya namna hiyo hapa Dar es Salaam. Tupo watu 5, na zamu yangu ni kupokea simu za wateja pale mambo yanapoharibika.

Simu yenyewe huwa hivi. Mteja anasema: "Tovuti yangu haifunguki." Fundi anaijaribu kwenye kompyuta yake, anaiona imefunguka, anajibu: "Mbona kwangu inafunguka?" Neno hilo limevunja urafiki mwingi. Mteja anajisikia kama ameitwa mwongo, na fundi anaona amekwisha kujitetea. Kumbe mara nyingi wote wawili wanasema kweli.

Sababu ni kwamba kitu tunachokiita tovuti si kitu kimoja. Kuna jina, yaani ile anwani tunayoiandika, ambalo limesajiliwa mahali na lina tarehe ya kuisha. Kuna daftari linaloeleza kwamba jina hilo linaelekea kwenye seva fulani. Kuna seva yenyewe, ambayo ni kompyuta iliyopangwa kwa mwezi au kwa mwaka, pengine iko Ujerumani au Marekani. Ndipo zinakuja kurasa na picha alizozitengeneza fundi. Na katikati ya hivyo vyote na macho ya mteja kuna kampuni ya simu, na kuna mkongo chini ya bahari. Kila kimoja kina mwenyewe. Kikilala chochote kati ya hivyo, mtu aliye mwisho wa njia huona jambo lile lile moja: haifunguki.

Kwa hiyo sisi, kabla ya kugusa chochote, tunauliza. Ni nani haioni, wewe peke yako au na wengine? Uko wapi, na unatumia mtandao wa kampuni gani? Imeanza lini? Na simuni je, ukizima ule mtandao wa ofisini ukatumia bando lako, inaonekana? Mteja mwingine hukasirika kuulizwa maswali badala ya kutengenezewa. Lakini hata mganga hachomi sindano kabla hajauliza panapouma.

Nitatoa mfano. Mzee mmoja muuza dawa za mifugo alitupigia simu kwa hasira. Nikamwamkia, "Shikamoo mzee." "Marahaba kijana, lakini tovuti yenu imekufa tangu juzi." Kwenye simu yake ilifunguka. Kwa mwanawe ilifunguka. Kwenye kompyuta ya dukani tu ndipo yalipotokea maandishi mekundu kwamba mahali hapa si salama. Nikamwomba anisomee tarehe iliyo pembeni ya kioo. Akasoma: tarehe 1 Januari 2009. Ile betri ndogo ya mviringo inayotunza saa ndani ya kompyuta ilikuwa imekufa, na kila asubuhi kompyuta ilipowashwa iliamini kwamba tuko mwaka 2009. Sasa kila tovuti ina cheti cha usalama chenye tarehe ya kuanza na ya kuisha. Kompyuta ikitazama cheti inaona hakijazaliwa bado, basi inakataa. Bei ya betri ile haikufika nauli ya teksi ya kwenda kumwona. Lau tungekimbilia kufumua tovuti, tungefumua kitu kizima.

Na lipo lililo kubwa zaidi ya betri. Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024 mikongo miwili ya baharini, EASSy na Seacom, ilikatika upande wa Afrika Kusini, na mtandao ukadorora Tanzania, Kenya, Uganda na kwingineko. Asubuhi ya Jumatatu kila mteja aliyekuwa na namba yetu alipiga. Hakuna hata mmoja ambaye tovuti yake ilikuwa na kasoro. Wageni wao waliokuwa Ulaya walikuwa wanaziona vizuri. Waliokuwa hawazioni ni wenyewe. Siku kama hiyo kazi ya fundi ni kusema ukweli mapema, kwa ujumbe mfupi kwa wateja wote, kabla hawajaanza kumdhania. Kukaa kimya hadi upigiwe simu ni kujichimbia shimo.

Lakini kasoro mbaya kuliko zote ni ile isiyopiga kelele. Naomba nikae kidogo hapa, maana ndipo palipo na hasara ya kweli.

Mama mmoja mwenye hoteli ndogo ya vyumba 11 pwani alituletea tovuti yake tuiangalie. Ilikuwa imetengenezwa miaka ya nyuma na fundi mwingine. Hakuja kulalamika kwamba imeharibika. Alisema, "Mwanangu, wageni wangu wa Ulaya wamenikimbia. Naona nilete picha mpya, pengine hizi zimewachosha." Tukafungua tovuti, ikafunguka upesi. Tukajaza ile fomu ya kuomba chumba, ikatujibu kwa adabu: asante, tumepokea ombi lako. Tukamwomba mama afungue barua pepe yake. Hamna kitu. Tukatazama kwenye barua taka. Hamna.

Fomu ile ilikuwa imetengenezwa kwa mtindo uliokuwa wa kawaida zamani. Mgeni akiandika anwani yake, fomu inatuma barua kana kwamba imetoka kwa mgeni mwenyewe, ili mama akibonyeza kujibu, jibu liende moja kwa moja kwa mgeni. Wazo si baya. Lakini kwa macho ya wapokeaji wa barua, huo ni ughushi: barua inasema imetoka kwa fulani, na seva iliyoileta si ya fulani. Tangu Februari 2024 Google na Yahoo walikaza masharti yao kwa watumaji wa barua, wakitaka barua ithibitishe kwamba aliyeituma ameruhusiwa kutumia jina hilo. Fomu ambazo zilikuwa zikipita kwa bahati hazikupita tena.

Mama alituuliza swali ambalo wateja wote huliuliza: "Mbona hakuna mtu aliyegusa chochote?" Ni kweli, hakuna aliyegusa. Tovuti yake ilibaki vile vile, na dunia iliyoizunguka ndiyo iliyobadilika. Jambo hili ni gumu kumweleza mtu aliyezoea nyumba na magari. Nyumba usipoigusa inachakaa pole pole na unaona. Tovuti usipoigusa inaweza kuonekana mpya huku ndani ikiwa bubu.

Zile barua zilizokataliwa zilikuwa zimerudishwa kwenye sanduku moja la seva ambalo hakuna aliyejua kwamba lipo. Tulipolifungua tukakuta maombi 37. Mama alivaa miwani akaanza kusoma majina. Wengine aliwajua, walikuwa wakija kila mwaka. Mmoja alikuwa ameandika mara tatu, na mara ya tatu alikuwa anauliza kama mama mwenyewe yu hai. Tarehe nyingi zilikuwa zimekwisha kupita. Wahudumu wawili wa hoteli alikwisha kuwapumzisha mwezi uliotangulia kwa kukosa wageni.

Kuitengeneza kulichukua saa chache. Barua sasa inatoka kwa jina la hoteli yenyewe, na anwani ya mgeni inawekwa mahali pa kujibia. Kwenye lile daftari la majina tukaandika seva zipi zinaruhusiwa kutuma barua kwa jina la hoteli. Na kila ombi sasa huhifadhiwa pia ndani ya tovuti, ili barua ikipotea ombi libaki. Lakini jambo lililobadilika ofisini kwetu ni dogo zaidi. Kila Jumatatu saa 3 asubuhi mmoja wetu anajaza fomu ya kila mteja tunayemhudumia, na kumwomba mteja athibitishe kwa simu kwamba imemfikia. Ni kazi ya kuchosha, haihitaji shahada yoyote, na nathubutu kusema ndiyo kazi yenye faida kuliko zote tunazozifanya.

Kuna tabia moja ya vijana wetu ambayo sitaki niipite. Fundi akiona kasoro, anataka aonekane anahangaika. Anabadilisha hiki, anafuta kile, anapandisha toleo la programu, anazima kiongezo, yote kwa saa moja. Jioni tovuti inafunguka, naye hajui ni kipi kilichoiponya. Au haifunguki, na sasa zipo kasoro tatu mahali pa moja. Kawaida tuliyojiwekea ni hii: chukua kwanza nakala ya vitu vyote, badilisha kitu kimoja, tazama, andika. Tunaandika kwenye kaunta buku, kwa kalamu, tarehe na saa. Vijana walicheka kaunta buku hiyo mwanzoni. Lakini kompyuta ndiyo inayoumwa. Utamwachiaje mgonjwa atunze kumbukumbu za ugonjwa wake?

Sasa nije kwenye jambo ambalo ndilo lililonifanya nichague mada hii. Kwa uzoefu wangu, kasoro nyingi zinazochukua siku nyingi kutengenezwa hazichukui siku hizo kwa ugumu wake. Zinachukua siku hizo kwa sababu hakuna anayejua nani anashika nini.

Ilikuja kampuni moja ya kupeleka watalii mbugani. Tovuti imezimika, na barua pepe za wafanyakazi wote 9 zimezimika nayo, kwa kuwa zilitumia jina hilo hilo. Wamelipia seva. Wamelipia mtandao. Stakabadhi wanazo, leseni wanayo, na kibao cha jina hilo kimetundikwa barabarani. Tulipotazama, jina lilikuwa limekwisha muda. Miaka kadhaa nyuma walikuwa wamemwomba kijana mmoja awatengenezee tovuti. Kijana alilisajili jina kwa jina lake mwenyewe, kwa anwani yake ya barua, kwa kadi yake, kwani ndiyo njia iliyokuwa ya haraka. Baadaye akapata kazi nchi za nje. Makumbusho ya msajili yalikwenda kwenye anwani ambayo kijana alikuwa haifungui tena.

Majina yanayomalizikia na .com yana utaratibu wake. Jina likiisha muda, kwa kawaida msajili humpa mwenyewe siku kadhaa za kulipa bila taabu. Akipitiliza na jina likafutwa, kuna siku 30 za kulikomboa kwa malipo makubwa zaidi. Baada ya hapo hubaki siku 5, kisha jina linaachiwa, na mtu yeyote duniani anaweza kulichukua. Wapo wanaokaa wakingojea majina ya namna hiyo ili wawauzie wenyewe. Kampuni ile ilitufikia ikiwa ndani ya zile siku 30. Tulimwandikia msajili, tukatuma leseni na stakabadhi. Msajili akajibu kama ilivyompasa: yeye anamtambua mtu mmoja tu, aliyeandikwa.

Tulimpata kijana kupitia kwa shangazi yake. Akajibu usiku ule ule, akashtuka kuliko hata wenye kampuni, akalipa na kulihamisha jina. Hakuwa mwizi wala hakuwa mzembe kupita wengine. Lakini fikirini, kama angekuwa amefariki? Au kama wangekuwa wamegombana? Kampuni ya watu 9 ilikuwa inaning'inia kwenye kumbukumbu ya mtu mmoja asiye na mkataba nao wowote.

Na msidhani haya ni ya wadogo tu. Mkesha wa Krismasi wa mwaka 1999 watumiaji wengi wa Hotmail walishindwa kuingia kwenye barua zao. Kampuni ya Microsoft, yenye mali isiyohesabika, ilikuwa imesahau kulipia jina la passport.com ambalo lilitumika kuwaruhusu watu kuingia. Mtaalamu mmoja wa kompyuta wa Marekani, Michael Chaney, aligundua, akalipa dola 35 kutoka mfukoni mwake, na huduma ikarudi. Microsoft ilipata msamaria. Mfanyabiashara wetu wa Arusha au Morogoro asitegemee kumpata.

Kwa hiyo jina lisajiliwe kwa jina la mteja, hata kama fundi ndiye anayekaa kwenye kompyuta na kubonyeza. Liandikwe anwani ya barua ya mteja, na hapa kuna mtego ambao wengi hawauoni: anwani hiyo isiwe ya jina lile lile. Kama jina ndilo linalobeba barua zako, siku likizimika na makumbusho nayo yatazimika. Na kwa kuwa jina la .com linaweza kulipiwa hadi miaka 10 kwa mkupuo, mwenye uwezo alipie miaka kadhaa, asifanye biashara ya kukumbuka kila mwaka. Vyeti vya usalama ndivyo vinakwenda kinyume. Mwezi Aprili 2025 wanaotoa vyeti hivyo na wenye vivinjari walipiga kura kwamba muda wake upunguzwe hatua kwa hatua, hadi usizidi siku 47 ifikapo Machi 2029. Huko hakuna mwanadamu atakayeweza kukumbuka. Lazima mashine ijihuishe yenyewe, na awepo mtu wa kuhakikisha kwamba imejihuisha.

Juu ya nakala za akiba nitasema kwa ufupi, maana kila fundi anadai anazo. Tarehe 31 Januari 2017 kampuni ya GitLab, ambayo kazi yake ni kuwatunzia wengine programu zao, ilifuta kwa bahati mbaya hazina yake kubwa ya taarifa. Walikuwa na njia 5 za kuhifadhi nakala. Walipozigeukia, hakuna iliyokuwa ikifanya kazi kama walivyotegemea. Kilichowaokoa ni nakala moja iliyokuwa imechukuliwa saa 6 kabla kwa shughuli nyingine. Na tarehe 10 Machi 2021 jengo la seva la kampuni ya OVH mjini Strasbourg, Ufaransa, liliteketea kwa moto, na wapo wateja waliopoteza tovuti pamoja na akiba yake, kwa kuwa vyote viwili vilikuwa mahali pamoja. Basi muulize fundi wako swali tofauti kidogo na lile la kawaida. Usimwulize kama ana nakala. Mwulize ni lini mara ya mwisho aliifungua nakala hiyo akaona tovuti ikisimama.

Tumewasema sana mafundi. Na wateja je?

Mteja wetu wa kawaida hajui anataka nini mpaka akione asichokitaka. Simlaumu, hata mshona nguo anajua hilo. Lakini fundi cherehani hupima kwanza, na akikata kitambaa, mteja hasemi tena kwamba alitaka kanzu. Kwetu sisi kitambaa hakionekani, basi mteja anadhani hakijakatwa. "Ni kabadilisho kadogo tu, kijana wangu." Kabadilisho hako ni kuongeza lugha ya pili, au kupokea malipo kwa simu, na kinaweza kuwa kazi ya wiki tatu. Fundi, kwa kuogopa kumpoteza mteja, anasema sawa. Baada ya vibadilisho 6 anafanya kazi bure, anaanza kukwepa simu, na mteja anaanza kumwita tapeli.

Kisa cha Hertz kinafaa kusikilizwa hapa. Hiyo ni kampuni kubwa ya Marekani ya kukodisha magari. Mwaka 2016 iliipa kampuni ya Accenture kazi ya kuitengenezea tovuti mpya. Ilikuwa iwe tayari Desemba 2017, ikasogezwa Januari 2018, ikasogezwa Aprili, haikutoka. Aprili 2019 Hertz ikaenda mahakamani kudai zaidi ya dola milioni 32. Miongoni mwa madai yake, ilisema mapatano yalikuwa kurasa zikae vizuri kwenye vioo vya ukubwa wa namna tatu: simu, kompyuta ya mezani na kile kioo cha katikati, lakini kwamba ilitengenezewa namna mbili, na kwa ile ya tatu ikatakiwa kuongeza fedha. Accenture ilikanusha madai hayo. Sisemi nani alikuwa na haki. Ninalolitazama mimi ni kwamba watu wenye mawakili wa kujaza ukumbi waligombania kioo cha katikati. Sisi tunaopatana kwa maneno ya mdomo, tukiwa tumesimama dukani, tutaponaje?

Kwetu tunaandika ukurasa mmoja na nusu, kwa Kiswahili. Kurasa ni ngapi, maneno na picha ataleta nani na kwa tarehe gani, nani mmoja tu kwa upande wa mteja mwenye kauli ya mwisho, na kazi itahesabiwa imekwisha kitakapofanyika nini. Hilo la tarehe ya picha si dogo. Zipo kazi ambazo tulizimaliza kwa wiki mbili, zikangojea picha miezi mitano, na mwisho wa mwaka mteja akasimulia kwamba tulimchelewesha. Kila anachoongeza kinaandikwa karatasi yake, na bei yake, na sahihi yake. Wateja wengi wakishaona bei wanagundua kwamba kabadilisho kenyewe hawakahitaji.

Sasa kuna jambo ambalo wenzangu katika kazi hii hawakubaliani nami, na tumebishana nalo hadi usiku. Wao wanasema: usimkabidhi mteja funguo mpaka alipe shilingi ya mwisho, jina liweke kwako, maneno ya siri yaweke kwako, akichelewa kulipa zima, atakuja mbio. Nawaelewa. Ofisi ndogo ina kodi ya pango, ina mishahara, na mdaiwa mwenye gari zuri anajua namna ya kukuzungusha. Tumewahi kuzungushwa miezi 7.

Lakini ukizima jina la mtu hujazima tovuti uliyoitengeneza peke yake. Umezima barua za wafanyakazi wake, maombi ya wageni wake, pengine na ada za watoto wa shule. Zaidi ya hayo, nchini mwetu ipo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Fundi anayeng'ang'ania seva yenye majina na namba za simu za wateja wa mtu mwingine ajiulize anazishika kwa ruhusa ya nani.

Deni linadaiwa kwa njia ya deni. Sisi tunachukua asilimia 40 kabla ya kuanza, 30 mteja akishakubali sura ya kurasa, na 30 za mwisho kabla tovuti haijahamia kwenye seva yake. Muda wote wa ujenzi tovuti inakaa kwenye anwani yetu ya majaribio. Akiishia njiani hatudaiani roho. Jina ni lake tangu siku ya kwanza. Siku ya kuhama anapewa bahasha yenye karatasi moja: jina limesajiliwa kwa nani na linaisha lini, seva imepangwa wapi na hulipwa lini, maneno ya siri, nakala za akiba ziko wapi na zilijaribiwa lini. Anasaini kwamba amepokea. Anayetaka tuendelee kumtunzia tovuti analipa ada ya mwezi, na ndiyo inayolipa ile kazi ya Jumatatu saa 3. Asiyetaka, aende na bahasha yake kwa fundi mwingine, na huyo fundi ataanza kazi siku hiyo hiyo badala ya kutafuta shangazi za watu.

Msikilizaji ambaye tayari ana tovuti na hajawahi kupewa karatasi hiyo, kesho ampigie fundi wake, kwa heshima tu, amwulize mambo matatu: jina limeandikwa kwa nani, linaisha tarehe gani, na makumbusho yanakwenda kwenye anwani ipi. Akijibiwa, "Usijali bosi, yote yako kwangu," amshukuru, kisha amwombe ayaandike na kuyaleta kabla ya Ijumaa.